Hodi Tatu kwa Mjumbe

Sura ya Saba

Inspekta alipewa stoo iwe ofisi yake. Ilikuwa na meza moja, maboksi ya nyaya yaliyopangwa hadi darini, na viti viwili, kimoja kikiwa na mguu mfupi. Hicho chenye mguu mfupi alikiweka upande wa mgeni. Mtu anayesema uongo huku kiti kinamyumbisha huchoka upesi.

Mezani palikuwa na picha moja. Weusi mtupu, vinukta vya nyota, basi. Watu wa jengo hili waliingoja picha hiyo miaka na miaka, wengine walizeeka wakiingoja, na ndani yake ilitakiwa kuonekana sayari kibete ya barafu, iliyo mbali kuliko zote zilizowahi kutembelewa. Hapa waliiita Kitindamimba. Chombo chao kisicho na mtu ndani, walichokipa jina la Mjumbe, kilisafiri hadi huko, kikapita karibu nayo mara moja tu, na hakina namna ya kurudi. Katika kitambo kile cha kupita karibu kabisa, Mjumbe alikuwa ametazama pengine.

Bodi ilikuwa inakaa ghorofa ya juu. Ilisema kwamba kabla wafanyakazi hawajarudi makwao leo itampeleka mshukiwa mahakamani kwa kosa la hujuma. Mshukiwa alikuwa mmoja, na jengo zima lilikwisha kumhukumu.

Mlango ulifunguka bila kubishwa.

"Afande, sijui bado tunatafuta nini," alisema aliyeingia, hata hajaketi. Alikuwa mhandisi wa mwelekeo, yule anayeamua Mjumbe atazame wapi. Mrefu, amenyooka hata akikaa, wenzake walimwita Rula. "Mwizi ameshikwa na kuku mkononi, nanyi mnamhoji kuku."

"Kuku hasemi uongo. Keti. Nieleze kama unamweleza mkweo."

"Mkwe wangu anafundisha fizikia."

"Basi nieleze mimi."

Rula alicheka kidogo, kiti kikamyumbisha, akaacha kucheka. "Kamera ya Mjumbe haigeuki peke yake. Ni kama pua yako. Ukitaka pua itazame dirisha, lazima ugeuze kichwa. Na lile dishi kubwa la kuzungumza na sisi liko upande mwingine, tuseme kisogoni. Akipiga picha, hawezi kusema nasi. Akisema nasi, hawezi kupiga picha."

"Na kusikia?"

"Ana sikio dogo linalosikia pande zote. Hilo halilali. Kwa hiyo tulikubaliana: siku ya kupita, kimya. Neno lolote lisitoke hapa. Maana neno likitoka hapa asubuhi linamfikia jioni, na jibu lake linakukuta kitandani. Huwezi kusema samahani, nimekosea. Sasa asubuhi ile mtu alirusha kitu. Jioni kikamfikia Mjumbe ndiyo kwanza anaisogelea Kitindamimba. Akaigeuzia mgongo, akatuelekea sisi, akajibu, akangoja amri. Amri haikuja. Aliporudia ratiba yake, Kitindamimba ilikwisha kubaki nyuma."

"Kitu gani hicho alichorushiwa?"

"Hodi." Rula alitoa neno hilo kama mtu anayetema mbegu. "Ndivyo tunavyoiita. Mlio mfupi unaotangulia amri. Unabisha, naye anajibu karibu, ndipo unasema shida yako. Waliomtengeneza walikuwa watu wa adabu sana."

"Na nani alibisha?"

"Meza ya kurushia haifanyi kazi bila kadi. Kadi iliyokuwamo ni ya yule binti anayeiendesha, Sauti. Chumbani alikuwa Sauti peke yake. Wiki iliyopita Sauti alitoka kwa mkuu wetu, Mzee, machozi yanamtiririka, amenyimwa likizo. Unataka nini tena, afande? Muhuri?"

"Na wewe? Nasikia ulitaka Mjumbe apitishwe karibu zaidi, kikao kikakukatalia."

"Nilikuwa kwenye televisheni! Asubuhi nzima, moja kwa moja. Watu wote waliniona nikieleza njia ya Mjumbe kwa chungwa na kijiti."

"Mama yangu alikuona," alisema Inspekta. "Alisema kijana mzuri, ila chungwa lilimponyoka."

Rula alitoka masikio yakimwaka. Inspekta hakuandika kitu. Kituoni kwake walimwita Kinyonga, kwa polepole yake, na yeye hakuchukia. Kinyonga hutazama pande mbili kwa wakati mmoja, na nzi hana habari.

Mlango ukabishwa. Kidole kimoja kilichokunjwa, kwa upole. Pakapita kitambo. Kikagonga tena. Kitambo kile kile. Mara ya tatu, ndipo Inspekta akasema, "Karibu."

Aliingia mkuu wa safari nzima, yule ambaye walinzi na maprofesa wote walimwita Mzee tu. Mvi zimekatwa chini, shati limefungwa hadi kifungo cha mwisho, sinia la chai mkononi.

"Shikamoo, Mzee. Jengo lako mwenyewe, nawe unabisha hivyo?"

"Marahaba. Jengo langu, chumba chako." Aliweka sinia juu ya boksi. "Nililelewa hivyo. Anayebisha mara moja akaingia ni polisi."

"Mimi ni polisi."

"Ndiyo maana nimekuja na chai."

Walikunywa. Mzee alikaa kwenye kile kiti kibovu na hakikuyumba. Alikuwa ameugundua mguu wake mfupi kabla hajakaa, akauegemezea boksi. Inspekta alilitazama jambo hilo kwa heshima.

"Kadi yako ilikuwa wapi siku ile, Mzee?"

"Ndani ya sefu. Niliitia mwenyewe mbele ya wafanyakazi wote, ufunguo nikampa mhasibu. Nilisema: siku ya kimya, hata mimi sina mdomo. Kanuni ni yangu, nami ndiye wa kwanza kufungwa nayo. Na anayeacha meza wakati wa kimya, hana kazi tena hapa. Hiyo pia yangu."

"Kanuni kali."

"Mjumbe ni mmoja, Inspekta." Aligeuza kikombe polepole. Baadaye akauliza, macho yake kwenye majani ya chai, "Yule binti. Atafungwa kweli?"

"Hilo litategemea yeye atasema nini."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akakusanya vikombe mwenyewe, akaondoka.

Sauti aligonga mara moja na tayari alikuwa ndani, mlango ukimfuata nyuma. Alikuwa mwanamke kijana, mwendeshaji wa meza ya kurushia, mwenye sauti nene ya mtangazaji iliyompa jina lake. Leo ile sauti ilikuwa imepungua. Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono ameikunja kifuani, sweta limefungwa ingawa stoo ilikuwa na joto la tanuri.

"Asubuhi ile ulitoka chumbani?"

"Sikutoka."

"Hata kwenda chooni?"

"Sikutoka, afande."

"Mtu aliingia?"

"Hakuingia mtu."

"Ulirusha hodi?"

"Hapana! Wallahi sikurusha."

Inspekta aliegemea nyuma. "Dada yangu, hebu jisikilize. Hukutoka, hakuingia mtu, na hodi ilitoka kwenye meza yako kwa kadi yako. Mimi sijasema kitu bado. Kamba unaisokota mwenyewe, na shingo unaitia mwenyewe."

Macho ya Sauti yalikwenda kwenye saa ya ukutani, yakarudi, yakaenda tena. Aliibana mikono kifuani kwa nguvu zaidi, na uso ukajikunja, si kwa woga, kwa maumivu. Chini ya sweta, pembeni mwa kifungo, palikuwa na doa la unyevu linalokua.

Inspekta alizaa watoto watatu. Alilijua doa lile kama anavyoijua sahihi yake.

"Ulipokuwa umekaa pale mezani, kadi ilikuwa ndani muda wote?"

"Haitolewi. Ukiitoa, taa nyekundu inawaka ukumbi mzima. Kila mtu anajua umetoka."

"Kwa hiyo anayetaka kutoka kimyakimya anaiacha."

Askari wa bodi akachungulia mlangoni akisema Sauti anaitwa juu, wajumbe wa bodi wamekwisha kaa. Alisimama. Alipofika mlangoni alisema kwa sauti ndogo, "Afande, kazi hii ndiyo inayotulisha wote kwetu." Akaenda.

Inspekta alichukua kofia yake, akashuka ngazi, akavuka ua wenye dishi kubwa lililoelekezwa mbinguni kama bakuli la mwombaji, hadi getini.

Mlinzi wa geti alikuwa mama mnene mwenye filimbi shingoni. Kando ya kibanda chake palikuwa na benchi, na juu ya benchi nguo imetundikwa kwenye misumari miwili kama pazia.

"Pazia la nini hilo, mama?"

"Jua, afande. Jua la hapa halina adabu."

"Jua linatoka upande ule."

Mlinzi alitazama upande ule kama anayeona jua kwa mara ya kwanza. "Kumbe," alisema.

Nyuma ya pazia mtoto akalia. Sauti nene kwa kichanga, damu haidanganyi. Bibi mmoja mkavu akatokea akimbembeleza mtoto begani, akimtupia mlinzi maneno kabla hajamwona askari. "Mwanangu yuko wapi leo? Huyu amenyonya asubuhi tu, na maziwa ya kopo anayatema kama sumu. Mwambie ashuke, mara moja tu kama kawaida." Ndipo akaiona sare. Akanyamaza. Mtoto hakunyamaza.

"Kama kawaida," alisema Inspekta.

"Afande," mlinzi alianza, "mimi ni mtu wa geti. Naona miguu tu, nyuso sizioni."

"Mficha uchi hazai, mama, na huyu tayari amezaliwa. Juu kule wanataka kumfunga mama yake. Siku ile ya kimya, alishuka?"

Mlinzi alimtazama bibi, bibi akamtazama mtoto.

"Nikisema alishuka, anafukuzwa kazi," alisema mlinzi.

"Usiposema, anafungwa."

"Basi alishuka! Alikaa hapo, kwenye hilo benchi, akamnyonyesha. Runinga yangu ilikuwa inamwonyesha yule mrefu na chungwa lake. Chungwa lilipoanguka tulicheka wote, na Sauti akamshtua mtoto. Baadaye akapanda mbio. Alikuja akiwa ameomba likizo akanyimwa, sasa angefanyaje? Matiti hayasomi kanuni."

Inspekta alisimama kidogo, akili yake ikitembea. Hodi ilitoka asubuhi hiyo, Rula akiwa kwenye televisheni. Kadi ilikuwa mezani, meza haina mtu. Aliyeingia hakuvunja mlango wala hakuiba kitu. Aliketi, akabisha, akatoka.

"Nipeni muda kidogo," alimwambia bibi. "Siwezi kumtoa kwenye kikao. Lakini msiondoke."

Alimkuta Rula kwenye korido, mbele ya mashine ya maji.

"Swali moja tu, mhandisi. Mjumbe alisikia hodi ngapi?"

"Tatu. Amekiri mwenyewe kwenye taarifa aliyotuma. Tatu, zenye nafasi sawa katikati."

"Moja isingetosha?"

"Moja angeipuuza. Akiwa kazini anapuuza hodi moja, na mbili pia. Ila tatu lazima ageuke, hata awe anafanya nini. Ni amri ya tangu alipotengenezwa, kabla sijaajiriwa. Nadhani walifikiri anayebisha mara tatu ana dharura."

"Wewe ukibisha, unabisha ngapi?"

"Moja! Sote moja. Ya pili ya nini? Jibu la kwanza lenyewe halirudi mpaka kesho. Ni kama kumbishia mtu aliye ng'ambo ya bahari halafu ukanuna kwamba hafungui."

"Sauti je?"

"Moja, na wakati mwingine anasahau hata hiyo." Rula alisita, kikombe cha maji kikabaki hewani. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu ilikuwa inajipanga mbele yake bila ruhusa yake. "Afande. Nani hubisha mara tatu siku hizi?"

"Kunywa maji yako," alisema Inspekta.

Alirudi stoo, akakaa, akangoja. Alikuwa amemwomba karani amwite Mzee. Hatua zilikuja polepole, zikasimama nje.

Kidole kikagonga.

Inspekta hakujibu. Alimwona kwenye kioo cha juu ya mlango, kivuli cha kichwa chenye mvi, kimeinama kidogo kama mtu anayesikiliza kama kuna uhai ndani. Kitambo. Kikagonga tena. Kitambo kile kile. Mara ya tatu.

"Karibu, Mzee."

Aliingia bila sinia. Safari hii hakuuegemeza mguu wa kiti, na kiti kikamyumbisha, akakiacha kimyumbishe.

"Amri ya hodi tatu," alisema Inspekta, "nani alimfundisha Mjumbe?"

"Mimi. Nilikuwa kijana. Nilisema, awe anafanya nini, mgeni akibisha mara tatu ageuke. Nilidhani ni usalama. Yalikuwa malezi tu." Alitabasamu kidogo. "Nilimpa mwanangu tabia za mama yangu."

"Siku ile chumba kilikuwa kitupu."

"Nilipita tu. Nilikuwa sina la kufanya, unajua? Siku niliyoingoja maisha yangu yote, na kanuni yangu mwenyewe imeniacha bila kazi. Nikakuta meza, kadi iko ndani, kiti hakina mtu. Nilidhani ameenda chooni." Alitazama vidole vyake. "Mwezi ujao nastaafu. Nikasema, nimbishie mara moja tu. Moja haimgeuzi, nilijua, amri nimeitunga mwenyewe. Atajua nipo. Ni upumbavu, chuma hakijui nani yupo. Lakini nikabisha."

"Halafu?"

"Halafu hakujibu." Mzee alicheka bila furaha. "Angejibuje? Mlio ulikuwa hata haujaupita mwezi. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini mkono umelelewa miaka sabini, Inspekta. Mlango ukiwa kimya, mkono unarudia. Nilipozinduka nilikuwa nimekwisha maliza ya tatu. Nikaketi pale nikiutazama mlio ukienda, na hapana kamba ya kuuvuta nyuma."

Kwa mbali, kupitia dirisha dogo, kilisikika kilio cha mtoto.

"Siku zote hizi binti wa watu anasulubiwa," alisema Inspekta, "nawe unamletea polisi chai."

"Ndiyo." Hakujitetea. "Kila asubuhi nilisema leo nitasema. Kadi yangu ilikuwa kwenye sefu, hakuna aliyeniuliza. Nilijifunga mikono mbele ya watu, nikapigiwa makofi, na makofi yale yakaniziba mdomo. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilichutama mpaka magoti yakakataa kuinuka."

"Unamsikia huyo mtoto?"

Mzee aligeuza kichwa kuelekea dirishani.

"Ni wa Sauti. Hakuwa chooni. Alikuwa getini ananyonyesha, kwa sababu likizo ulimnyima. Amekubali kuitwa mhaini kuliko kukiri kuwa aliacha meza, maana kanuni yako inasema aliyeacha meza hana kazi."

Rangi ilimtoka Mzee usoni, polepole, kama maji yanavyotoka kwenye beseni. Kukiri kwake mwenyewe hakukumfanya hivyo.

"Hakuniambia ni mtoto," alisema. "Alisema mambo ya nyumbani. Nami nikamwambia Mjumbe ni mmoja."

Aliinuka. Alifunga vizuri kifungo cha shingoni, kilichokuwa kimefungwa tayari. "Twende juu. Nitawaambia ni mimi. Na nitawaambia asubuhi ile nilimruhusu binti atoke."

"Hukumruhusu."

"Nitasema nilimruhusu."

Inspekta alikuwa mtu wa sheria, na sheria haina pazia la kutundika kwenye misumari miwili. "Hilo siliandiki, Mzee, kwa sababu silijui. Nami sitakaa nawe huko juu kukuziba mdomo."

Walipanda ngazi pamoja. Kwenye kituo cha ngazi Mzee alisimama kupumua.

"Alijibu, si ndiyo?" aliuliza. "Mjumbe."

"Unajua alijibu. Ndilo lililoharibu kila kitu."

"Mara tatu?"

"Rula anasema mara tatu. Karibu, karibu, karibu."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akashika reli, akaendelea kupanda.

Mlango wa chumba cha bodi ulikuwa wa mbao nene. Ndani sauti ya mwanasheria ilikuwa inasoma mashtaka, jina la Sauti likirudiwa kila sentensi. Mzee aliukunja ule ule mkono, akaunyanyua. Akagonga mara moja, na kabla ya mtu yeyote ndani hajapata nafasi ya kusema karibu alikwisha kuusukuma mlango, akaingia.

Mwanasheria alinyamaza. Mwenyekiti alianza kusimama kwa heshima. Mzee alimwashiria akae.

"Mwacheni huyo mama ashuke getini," alisema. "Mtoto wake ana njaa. Aliyebisha ni mimi."